Rangi ni Ngozi ya Kamyo



Katika ukurasa wa usalama na afya mmezoea kusoma juu ya malaria, maji safi, kofia ya kinga na vumbi la mgodi. Leo tutasema juu ya rangi ya kamyo. Labda mwingine atacheka na kuuliza: kazi ya mganga na rangi ya gari vinakutana wapi?

Vinakutana mahali pengi. Rangi ni ngozi ya kamyo. Ngozi ya mtu ikichubuka, uchafu huingia na kidonda huanza kuoza. Rangi ya kamyo ikichubuka, maji huingia na chuma huanza kuoza. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Watu wengi wanapotaka kuponya ngozi ya kamyo huumiza ngozi yao wenyewe, macho yao, damu yao na mapafu yao. Kamyo inatoka garaji inang'aa, na mtu anatoka anakohoa. Hiyo si kazi nzuri. Tujifunze basi kuilinda kamyo bila kumharibu mwenye kuilinda.

RANGI SI PAMBO TU

Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana tundu dogo kama punje ya mtama huvimba chini ya rangi, huinua rangi ya pembeni, na kisha kufungua mlango kwa maji mengine. Baada ya majira mawili ya mvua, punje ya mtama imekuwa kiganja cha mkono.

Tena, kamyo chafu huficha ugonjwa wake. Chini ya matope makavu huwezi kuona ufa wa shasi, bomba la breki lililoliwa na kutu, wala ngazi ya kabini inayotaka kukatika. Mganga humwambia mgonjwa avue shati ili amwone vizuri. Kuosha kamyo ni kuivua shati. Shofere anayeosha kwa macho ya kuchunguza anaweza kuokoa watu wanaopanda pamoja naye, na wale wanaotembea kando ya barabara.

Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Juu ya chuma kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kwanza ya kushikilia, kisha rangi yenyewe. Katika magari mengi ya siku hizi kuna pia vanishi isiyo na rangi juu ya yote. Zote pamoja, mara nyingi, hazifiki hata sehemu mbili za kumi za milimeta moja. Anayesugua rangi kwa nguvu kila juma anaimaliza kidogo kidogo, kama sabuni inavyoisha katika sahani yake.

MAADUI WA RANGI KATIKA NJIA YETU

Kamyo inayokwenda kati ya Goma na Rutshuru, kupitia Kibumba, Rumangabo na Kalengera, hukutana na maadui wengi katika safari moja.

Wa kwanza ni mawe na vumbi. Nchi yetu imejengwa na volkano. Changarawe nyeusi ya lava ina ncha kali; ikirushwa na gurudumu hupiga milango, ngazi na sehemu za chini, na kung'oa rangi mpaka chuma kionekane. Vumbi lake nalo ni kama msasa. Ukilifuta likiwa kavu unachora rangi yako mwenyewe.

Wa pili ni moshi wa volkano. Nyiragongo, ambayo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na jirani yake Nyamulagira, hutoa gesi za kiberiti na nyingine. Gesi hizo zikikutana na mvua, mvua hupata ukali wa asidi. Mara nyingi upepo husukuma moshi upande wa magharibi, kuelekea Sake na Masisi, lakini upepo hugeuka, na kamyo hutembea kila upande. Matone ya mvua hiyo yakikaukia juu ya rangi katika jua, maji huondoka na ukali hubaki. Ndipo huonekana madoa meupe ya mviringo yasiyotoka kwa sabuni.

Wa tatu ni majivu ya volkano. Hayo ni unga wa mawe na vioo vidogo vikali, na mara nyingi yamebeba asidi. Majivu yakianguka, usipite na kitambaa kikavu wala ufagio. Yaondoe kwa maji mengi kwanza. Funika pua na mdomo, linda macho, kisha angalia kichujio cha hewa cha mashine, maana huziba upesi.

Wa nne ni jua. Rangi isiyolindwa hufifia na kuwa kama chaki. Pitisha kidole: kikitoka na unga wenye rangi ya kamyo, ujue ngozi imeanza kufa.

Wa tano ni vitu vinavyomwagika: esansi, mazutu, mafuta ya breki, maji ya betri, hata mavi ya ndege. Mafuta ya breki huyeyusha rangi upesi. Yakimwagika, osha hapo hapo kwa maji mengi, usingoje jioni.

CHAGUA VIZURI MAHALI PA KUOSHEA

Kabla ya kushika ndoo, tazama unaposimama.

Usiingize kamyo mtoni wala ziwani. Mafuta na grisi hushuka kwa watu wanaochota maji ya kunywa. Osha mbali na chemchemi, mahali ambapo maji machafu yatanywewa na udongo au kuingia katika shimo la garaji.

Wanaoosha upande wa Goma na kando ya Ziwa Kivu, sikilizeni kwa makini. Katika sehemu za Goma, na kwenye njia ya kwenda Sake, kuna mahali pa bondeni ambapo gesi ya kaboni hutoka ardhini. Wenyeji huita hatari hiyo mazuku. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huzidi. Anayelala chini ya kamyo au kuingia katika shimo la kukagulia magari mahali pa namna hiyo anaweza kuzimia na kufa bila kupiga kelele. Basi osha mahali palipoinuka, penye upepo, jua likiwa limekwisha kutoka. Ukiona panya, mbuzi au ndege wamekufa katika bonde bila sababu, ondoka. Na ukimwona mwenzako ameanguka humo, usikimbilie kuingia: mwenye kuokoa huanguka juu ya mwenye kuokolewa. Ita watu. Anayejua hatari na mwenye vifaa vya kupumulia ndiye aingie. Wengine wamvute aliyeanguka kwa kamba wakiwa juu.

Mwisho, simamisha kamyo mahali sawa, zima mashine, vuta breki ya mkono, weka vizuizi vya mti chini ya magurudumu. Tafuta kivuli, au ngoja mabati yapoe. Sabuni inayokaukia juu ya bati la moto huacha madoa.

KUOSHA, HATUA KWA HATUA

Vitu unavyohitaji si vya bei kubwa: ndoo mbili, sabuni ya maji isiyo kali, vitambaa laini vya pamba au sponji, brashi laini kwa magurudumu, buti za mpira na glavu za mpira. Ndoo za kamyo ziandikwe alama, zisirudi jikoni kamwe.

1. Mwagia maji kwanza. Lowesha kamyo yote, hasa matope ya chini, mpaka yalainike. Maji yaondoe mchanga kabla mkono haujagusa rangi. Hii ndiyo hatua inayorukwa mno, na ndiyo inayookoa rangi kuliko zote.

2. Tumia ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu. Chovya kitambaa katika sabuni, osha sehemu ndogo, kisha suuza kitambaa katika ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye sabuni. Ukitazama chini ya ndoo ya pili utaona mchanga ambao ungeurudisha juu ya rangi.

3. Anza juu, malizia chini. Paa la kabini, vioo, milango, sanduku la mizigo, na mwisho kabisa magurudumu na shasi. Kitambaa cha magurudumu kisipande kamwe kwenye milango.

4. Usisugue kwa mchanga, nyasi, jiwe la kusugulia nyayo wala waya wa sufuria. Sabuni kali ya unga nayo huondoa nta yote. Lami iliyogandamana ilainishe kwa mafuta ya kupikia kidogo, ngoja, futa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni.

5. Suuza sana, hasa ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya ngazi na katika pembe za sanduku. Matope yanayobaki humo hushika unyevu kama bendeji chafu juu ya kidonda. Kama garaji lina pampu ya maji ya nguvu, usiielekeze kwenye betri, nyaya za umeme, vichujio wala rangi iliyoanza kubanduka. Na usimwelekeze mtu hata kwa mchezo: maji hayo hupasua ngozi na kuingiza uchafu ndani ya nyama. Jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo kama tundu la sindano, lipelekwe kwa mganga siku ile ile.

6. Kausha kwa kitambaa safi. Usiache jua likaushe. Unapokausha, tembea polepole kuzunguka kamyo ukitafuta ufa, uvimbe wa kutu, nati iliyolegea, bomba linalovuja. Andika unachoona katika daftari la gari.

Wakati wa mvua, kamyo ya barabara ya udongo ioshwe vizuri angalau mara moja kwa juma. Baada ya majivu au mvua yenye moshi wa volkano, imwagiwe maji mapema iwezekanavyo, hata kama huna nafasi ya kuosha kamili. Penye shida ya maji, maji ya watu ya kunywa ni ya kwanza. Ndoo chache zinazotumiwa kwa akili zinaosha vizuri kuliko pipa linalomwagwa ovyo.

KUPAKA NTA

Baada ya kuosha na kukausha, ingiza mkono katika mfuko mwembamba wa plastiki na upitishe juu ya rangi polepole. Mkono utasikia chembe ambazo jicho halioni. Kama ni nyingi, fundi ana udongo laini uliotengenezwa kwa kazi ya kuzivuta chembe hizo. Si udongo wa shamba.

Nta huziba vitundu vidogo na kufanya maji yateleze. Nta nyingi za magari zina karnauba, ambayo hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili. Weka kidogo tu kwenye kitambaa, paka sehemu moja kwa tabaka jembamba, ngoja iwe kama ukungu, futa kwa kitambaa kingine kilicho safi. Nta nyingi haina faida, hushika vumbi. Katika jua na vumbi letu, nta ya kawaida hudumu majuma machache mpaka miezi miwili mitatu. Mwagia maji uone: yakijikusanya matone ya mviringo, nta ingalipo, yakitandaa kama juu ya meza, imekwisha.

Usichanganye nta na dawa ya kung'arisha. Nta huongeza kinga. Dawa ya kung'arisha hukwangua sehemu ya juu ya rangi ili mikwaruzo isionekane. Itumike mara chache, kwa mkono wa mtu anayeijua.

KIDONDO KIDOGO KITIBIWE LEO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rangi iliyobanduka kwa jiwe itibiwe kabla ya mvua. Kwangua kutu iliyolegea, sugua kwa msasa uliolowa maji mpaka chuma kiwe safi, suuza, kausha kabisa, paka rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kisha rangi yenyewe kwa tabaka mbili nyembamba. Kupaka rangi juu ya kutu yenye unyevu ni kufunga bendeji juu ya usaha: nje kuzuri, ndani kunaoza. Lakini shasi, breki au usukani ulioliwa na kutu usifichwe kwa rangi. Mwite fundi, kamyo isimame.

SASA, NGOZI YAKO WEWE

Hapa ndipo kazi ya mganga inapoanza. Kuna desturi nne ambazo lazima tuziache.

Ya kwanza ni kuosha kamyo na mikono kwa esansi. Esansi huondoa mafuta ya ngozi. Mikono hukauka, hupasuka, na vijidudu huingia. Ndani yake kuna benzeni, ambayo hupita katika mapafu na pia katika ngozi. Benzeni inayoingia mwilini muda mrefu huharibu mahali damu inapotengenezwa na huweza kuleta saratani ya damu. Mwaka 1971 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 136 juu ya sumu hiyo, unaokataza kuitumia kama dawa ya kuyeyushia katika kazi zisizofanyika ndani ya mitambo iliyofungwa. Tena esansi huwaka kwa cheche moja. Grisi ya mikono itolewe kwa mafuta ya kupikia au ya mawese kidogo, kisha sabuni na maji.

Ya pili ni kusugua rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani za manjano, na ile ya rangi ya chungwa iliyopakwa kuzuia kutu, zina madini ya risasi. Vumbi lake likimezwa au kuvutwa huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, hata kulegea kwa viganja. Kwa mtoto huharibu akili inayokua. Baba anaweza kuipeleka sumu hiyo nyumbani katika nguo za kazi na kumkumbatia mtoto wake nayo. Basi lowesha msasa, usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa, usile wala kuvuta sigara ukifanya kazi hiyo, oga na ubadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ya tatu ni kupulizia rangi ya kuchanganywa na dawa ya kukazia bila kinga ya kweli. Dawa nyingi za kukazia zina isosianati. Huwashisha macho na koo, na huweza kuleta pumu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa dawa hiyo anaweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii mvuke huo. Kazi hiyo ifanywe mahali palipotengwa, na mafundi wenye vifaa vya kuwaletea hewa safi ya kupumua. Sisi wengine tubaki na brashi na rangi ya kawaida, nje penye upepo. Fundi anayekohoa au kubanwa kifua usiku baada ya kazi ya rangi asingoje. Aje aonane na mganga, na aseme wazi anafanya kazi gani.

Ya nne ni kuvuta esansi au mazutu kwa mdomo kwa mpira. Tone likiingia mapafuni huleta nimonia kali. Tumieni pampu.

AJALI IKITOKEA

Kitu kikali kikiingia jichoni: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 mpaka 20, kope zikiwa wazi, kisha nenda kituo cha afya. Usisugue, usitie maziwa wala dawa ya majani.

Maji ya betri juu ya ngozi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi muda huo huo.

Mtu akimeza esansi au dawa ya kuyeyushia rangi: asitapishwe. Kutapika huipeleka mapafuni. Apelekwe kwa mganga upesi pamoja na chupa yenyewe, ili ijulikane ni kitu gani.

Na dawa hizi zisihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa tu.

KUMBUKA

Kila jioni: mwagia maji matope mapya, tazama rangi iliyobanduka.
Kila juma: osha kwa ndoo mbili, kausha, kagua, andika.
Kila miezi miwili: jaribu matone ya maji, paka nta ikiwa imekwisha.
Kabla ya mvua kubwa: ziba vidonda vyote vya rangi.
Siku zote: maji, sabuni, glavu, hewa safi.

Kamyo ikizeeka, kampuni inaweza kununua nyingine, na bati likioza, fundi anaweza kulikata na kuchomea jipya. Mapafu hayachomewi. Tuilinde ngozi ya kamyo, lakini aliye ndani ya ngozi yake aanze kujilinda mwenyewe.